Kumfundisha mtoto nyumbani hapa Mbeya: mambo tuliyoyapima kabla ya kuamua

Mzazi wa Tanzania anayefikiria kumtoa mtoto shuleni ili amfundishe mwenyewe anapaswa kuanza na sheria kabla hajaanza na vitabu. Sheria ya Elimu, Sura ya 353, iliyotungwa mwaka 1978, inataka kila mtoto aliyetimiza miaka 7 na ambaye hajatimiza miaka 13 aandikishwe katika elimu ya msingi, na inamwekea mzazi wajibu wa kuhakikisha kwamba mtoto aliyeandikishwa anahudhuria hadi amalize. Naanza na jambo hili kwa sababu mazungumzo mengi niliyoyasikia kwa wazazi wenzangu wa huku Nyanda za Juu Kusini huanza na malalamiko juu ya shule na kuishia kwenye ndoto ya darasa la sebuleni, bila mtu yeyote kuuliza mtoto huyo atakuja kufanya mtihani wapi.

Swali la mtihani si dogo. Watahiniwa wa upimaji wa darasa la nne na wa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi husajiliwa kwa Baraza la Mitihani la Tanzania kupitia shule zao. Mtoto ambaye jina lake halimo katika rejista ya shule yoyote hana pa kukalia siku hiyo, hata kama anasoma na kuhesabu vizuri kuliko wenzake wote wa mtaani. Kwa ngazi ya sekondari hali ni tofauti, kwa kuwa huko kuna mtahiniwa wa kujitegemea: aliyemaliza elimu ya msingi na hakuingia sekondari anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, na akifaulu akajisajili kwa mtihani wa kidato cha nne bila kuvaa sare ya shule. Njia hiyo imewasaidia zaidi watu wazima na wasichana waliokatishwa masomo, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, imeifanyia kazi kwa miaka mingi. Maana yake ni kwamba utaratibu wetu unampa uhuru zaidi kijana wa miaka 15 kuliko mtoto wa miaka 8, ilhali wazazi wengi tunataka kinyume chake: tungependa kumshika mkono mdogo na kumwachia mkubwa aende zake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inaelekea kuibana zaidi nafasi hiyo, kwa sababu imeweka elimu ya lazima kuwa miaka 10, yaani 6 ya msingi na 4 ya sekondari.

Wapo wanaokwepa yote haya kwa kufuata mtaala wa nje, wakamwandaa mtoto nyumbani kwa mitihani ya Uingereza na baadaye kupeleka cheti chake Baraza la Mitihani ili kilinganishwe na vya hapa. Kwa mwenye fedha za kigeni za kulipia kila somo njia hiyo ipo. Sisi hatukuifikiria kwa muda mrefu.

Tunaishi Uyole. Mume wangu ni dereva wa lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na mimi natunza hesabu za vyama vya ushirika vya wakulima, kazi ambayo siku nyingine inanipeleka Mbozi na siku nyingine inaniacha nyumbani na madaftari yangu. Mama mkwe, ambaye ni mtu wa Tukuyu, anaishi nasi. Mtoto tuliyekuwa tunamzungumzia ni kitinda mimba wetu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la pili katika shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza iliyopo upande wa pili wa jiji. Gari la shule lilimpitia saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa sababu ya foleni ya barabara kuu ya Zambia, na anayeijua Uyole ya mwezi wa Juni na Julai anajua mtoto wa miaka 7 anasimamaje kituoni saa hiyo, koti juu ya sweta, mikono imefichwa makwapani. Alirudi jioni amechoka, akala, akafanya kazi za nyumbani alizopewa huku anasinzia.

Hata hivyo, kilichotufanya tukae chini tuzungumze ni jambo la kitabu, wala si baridi. Jioni moja aliniletea kifungu cha Kiingereza cha kusoma kwa sauti. Alikisoma vizuri mno, bila kukwama, kwa matamshi ambayo mimi sikuwa nayo nilipokuwa kidato cha kwanza. Kifungu kilieleza habari za mkulima aliyevuna mahindi yake na kuyaweka ghalani. Nikamuuliza kwa Kiswahili, mkulima ameyaweka wapi mahindi? Akanyamaza, akashusha macho kitabuni, akaanza kuisoma tena ile sentensi tangu neno la kwanza, kwa matamshi yale yale mazuri. Nikamuuliza aliyevuna ni nani. Akasoma tena. Ndipo nikafunga kitabu na kumsimulia habari ile ile kwa Kiswahili, na kabla sijamaliza akanikatiza, akataka kujua kama mkulima huyo alichanganya dawa ya dumuzi kabla ya kuyahifadhi, kama anavyofanya bibi, kwa kuwa asipofanya hivyo ifikapo Februari atakuta unga mtupu.

Mtoto aliyeuliza swali hilo ana akili ya kutosha, ana maarifa, na anajua kuunganisha jambo na jambo. Alichokosa ni lugha ya kupitishia akili hiyo, na shule ilikuwa inamhesabia maksi nzuri kwa kutoa sauti. Sisemi kwamba kila shule ya mchepuo wa Kiingereza iko hivyo, maana binti yetu wa kwanza alipita katika shule ya aina hiyo akatoka salama. Lakini mtoto anayejifunza kusoma kwa mara ya kwanza katika lugha asiyoisikia nyumbani, dukani, kanisani wala uwanjani anabebeshwa kazi mbili kwa wakati mmoja, na mwalimu asiye makini anaweza kuona ile moja imefanyika akadhani zote mbili zimekwisha.

Ndugu walitoa ushauri wao. Shangazi yake wa Iringa alisema tumpeleke bweni, kwa kuwa huko hakuna gari la alfajiri na walimu wapo usiku na mchana. Ushauri huo ulikuwa wa kawaida sana katika familia zetu mpaka Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2023 ulipozuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne kuanzia tarehe 1 Machi mwaka huo, isipokuwa kwa kibali maalumu. Niliufurahia waraka ule kwa moyo wote. Nimewaona watoto wa miaka 6 wakishushwa kwenye basi na masanduku makubwa kuliko wao, na sijaelewa hadi leo ni elimu gani ya darasa la kwanza isiyoweza kupatikana mahali ambapo mama yake analala.

Kwa hiyo lilibaki wazo la nyumbani, na hapo tulikuwa na kumbukumbu ya kuanzia. Shule zote zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya korona, binti yetu wa kwanza alikaa nyumbani hadi zilipofunguliwa tena tarehe 29 Juni. Wakati huo vipindi vya masomo vilirushwa redioni na kwenye televisheni, na vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vikapatikana kusomwa bure katika maktaba mtandao yake. Vifaa vilikuwepo. Binti aliendelea katika masomo yale ambayo palikuwa na mtu wa kumjibu maswali, na akasimama palepale katika yale ambayo hapakuwa na mtu. Hisabati ilikwenda kwa sababu mimi naziweza. Sayansi ililala hadi baba yake aliporudi safari na kukaa naye, wakafungua betri, taa na nyaya mezani.

Jambo hilo ndilo ninalotaka mzazi alipime kuliko mengine yote, kwa sababu ndilo linalorukwa. Watu huuliza watapata wapi mtaala, watapata wapi vitabu, watoto watacheza na nani. Mtaala wa Taasisi ya Elimu ni waraka wa wazi, vitabu vya kiada vinauzwa na vingi vinasomeka kwenye simu, na watoto wa Uyole wa kucheza nao hawajawahi kupungua. Kinachopungua ni saa za mtu mzima. Nani ataketi na mtoto Jumatatu saa tatu asubuhi, na Jumanne, na Jumatano ile ambayo mkaguzi wa chama anasubiri vitabu vya hesabu? Nani atakayefundisha msimu wa kahawa unapofunguliwa Mbozi na mimi natakiwa kuwa huko tangu asubuhi? Katika nyumba nyingi jibu la kimyakimya ni mama, na mara nyingi mama huyo hajaulizwa kama kazi yake ya kipato ndiyo itakayoachwa. Mume wangu aliniuliza, namshukuru kwa hilo, na tukachukua karatasi tukaandika juma langu zima. Saa zilizobaki wazi hazikutosha kuwa shule.

Tulijaribu hata hivyo, katika likizo ya Juni, kwa mpango kamili wa asubuhi mpaka mchana. Niliyoyaona yalinifundisha zaidi ya karatasi ile. Asubuhi za mwanzo zilikuwa tamu kupita kiasi: mtoto amelala akashiba usingizi, amekunywa uji, anasoma hadithi ya Kiswahili kwa sauti huku bibi yake anachambua maharage pembeni na kumsahihisha. Bibi ana darasa la nne la mkoloni, anasoma Biblia ya Kinyakyusa na ya Kiswahili bila miwani kukiwa na mwanga mzuri, na ana subira ambayo mimi sina. Mtoto alianza kusoma kwa kuelewa, kwa sababu bibi hakubali mtu asome ukurasa bila kumwambia kilichotokea. Kila aya anamsimamisha: "Haya, halafu ikawaje?" Hana mbinu nyingine, na sijaona mwalimu wa kusoma anayemzidi.

Hesabu tulizifanyia kwenye viazi. Huku kwetu mkulima wa viazi mviringo anajua lumbesa kabla hajajua asilimia, yaani lile gunia linalojazwa kupita mdomo na kufungwa kwa kamba juu, kisha likanunuliwa kwa bei ya gunia moja. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Jirani yetu alikuwa anafungasha, nikamwomba mtoto asimame karibu na mzani. Tulipima gunia la kawaida kwanza, kisha lumbesa, akaandika tarakimu zote mbili kwenye daftari, akatoa, akapata tofauti, akaizidisha kwa idadi ya magunia yaliyokuwa yamepangwa ukutani. Alipopata jibu alikaa kimya kidogo, akamgeukia jirani akamuuliza kwa heshima, "Baba mdogo, sasa hizi kilo nyingine nani anakulipa?" Jirani akamwambia hakuna. Mtoto akafuta jibu lake akalipiga hesabu upya, akidhani amekosea.

Somo la namna hiyo halitolewi katika darasa lenye watoto 70, na simlaumu mwalimu. Lakini mpango kamili ulianza kupwaya kabla likizo haijaisha. Simu za kazi ziliingia katikati ya somo. Bibi alikwenda msibani Tukuyu akakaa huko, na asubuhi zikawa za mtoto peke yake na kitabu. Tena yeye mwenyewe alianza kuulizia wenzake, na si wa kucheza nao jioni tu: alitaka watu wa kushindana nao katika kuhesabu, wa kuwaonyesha daftari. Nilipomwona anamfundisha majedwali ya kuzidisha mtoto mdogo wa mpangaji, nilielewa kwamba darasa lina kitu ambacho mtu mzima mmoja, hata awe hodari namna gani, hawezi kumpa mtoto.

Kabla shule hazijafunguliwa nilikwenda kumwona afisa elimu kata. Nilitegemea kukemewa. Mama yule alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno ambayo nimeyarudia kwa wazazi wengi tangu hapo. "Mama, hakuna anayekuzuia kumfundisha mwanao. Mfundishe usiku na mchana. Sisi tunachokitaka ni jina lake libaki kwenye rejista na yeye aonekane darasani." Akaniuliza kwa nini navuka shule ya serikali iliyo dakika kumi kwa miguu kutoka kwangu, nikampeleka mtoto kwa gari mpaka ng'ambo ya jiji, na akanieleza taratibu za uhamisho.

Hapo ndipo swali letu lilipobadilika. Tulikuwa tumelitega kama mambo mawili ya kuchagua, shule au nyumbani, tukaona kwamba yanaweza kukaa pamoja ikiwa shule iko karibu. Mtoto anayeamka saa kumi na mbili na nusu, akatembea na wenzake hadi shuleni na kurudi alasiri na mapema, ana nguvu na saa za kusoma nyumbani ambazo yule wa gari la alfajiri hana. Tulimhamishia kwenye ile shule ya serikali. Ada tuliyoiokoa, kwa kuwa shule za msingi za serikali hazitozi ada, imenunua vitabu vya ziada, bando la intaneti la kusomea vitabu vya Taasisi ya Elimu, mzani mdogo, ramani ya Tanzania ya ukutani na nauli za kwenda kuona vitu.

Hoja nzito dhidi ya uamuzi huu ilitoka kwa mume wangu, na haikuwa ya fahari. Sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza. Mtoto atakayetoka shule ya Kiswahili ataingia kidato cha kwanza na kukuta baiolojia, jiografia na historia zote katika lugha ambayo ameisoma kama somo moja tu. Mume wangu amewaona wenzake wakianguka hapo, na yeye mwenyewe aliishia hapo. Mtaala ulioboreshwa, ambao ulianza kutumika Januari 2024, unafundisha somo la Kiingereza tangu darasa la kwanza, na hilo ni jema, lakini halitoshi kuuvuka mto huo. Tulichokubaliana ni kwamba nyumbani ndipo Kiingereza kitakapojengwa, kwa mpangilio wa kuelewa kwanza. Mtoto husoma habari kwa Kiswahili, anaieleza, kisha tunaisoma habari hiyo hiyo kwa Kiingereza, na maneno yanampata akiwa tayari anajua yanazungumzia nini. Dada yake, ambaye sasa yuko sekondari, ndiye mwalimu wake wa somo hilo likizo zote. Inakwenda taratibu kuliko ilivyokwenda kule shule ya mwanzo, na safari hii nikimuuliza mkulima ameweka wapi mahindi, ananijibu.

Mpango wetu wa sasa ni mdogo kuliko ule wa Juni. Jioni za siku za shule ni kusoma tu, kwa bibi, na hakuna tuisheni. Tuisheni nyingi za mtaani zinarudia ubaoni kile kile ambacho mtoto hakukielewa asubuhi, kwa kasi ile ile. Jumamosi ni siku ya hesabu na sayansi kwa mikono. Ninapokuwa na kazi Mbozi siku ya Jumamosi tunakwenda wote, na katika safari mojawapo tulifika kijiji cha Ndolezi kukiona kimondo. Alikipima kwa futi kamba, urefu wa mita kama tatu, akakigusa, akauliza kwa nini chuma kilichotoka angani hakijaoza kwa kutu wakati geti letu limeoza. Swali hilo lilitushinda sote wawili pale. Tulilipeleka kwa mwalimu wake wa sayansi, naye akalifanya somo la darasa zima. Likizo za Juni na Desemba ndizo mihula yetu halisi, kwa sababu baba yake naye hupanga safari zake ili awepo kwa sehemu.

Mwalimu wa darasa nilimweleza mpango huu mapema, ana kwa ana, kabla hajausikia kwa mtoto. Ninawasihi wazazi wafanye hivyo. Mwalimu mwenye watoto wengi kupita ile 45 inayotakiwa kwa darasa hana nafasi ya kukisia nini kinafanyika nyumbani kwa kila mmoja, na mtoto anayejibu kwa njia nyingine anaweza kuonekana mkaidi. Sasa tunaandikiana kwa simu kila anapoona jambo, na mara mbili tatu ameniambia niache kumtangulizia mada, kwa sababu akifika nayo darasani anachoka kusikiliza. Nimeacha.

Kuna familia ambazo mpango huu hautazifaa. Mzazi wa mtoto mwenye maradhi yanayomlaza mara kwa mara, au anayeishi mahali ambapo shule ya karibu iko kilomita nyingi za kupanda na kushuka milima ya Uporoto, ana sababu nzito kuliko zetu za kufundishia nyumbani kwa miezi. Ningemshauri hata yeye asimfute mtoto rejista, aende na karatasi za daktari kwa mwalimu mkuu, apate ruhusa kwa maandishi na orodha ya mada, na amrudishe mtoto kwa ajili ya mitihani.

Mwanetu sasa yuko darasa la tatu, na mwakani atafanya upimaji wa darasa la nne. Kuhusu sekondari mimi na mume wangu bado hatujakubaliana. Mimi naona kwamba akishindwa kuipenda shule akiwa na miaka 14 tunaweza kumwandaa nyumbani kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa kuwa wakati huo atakuwa na uwezo wa kujisomea mwenyewe. Mume wangu anataka amalize kidato cha nne darasani, kwenye maabara, mbele ya walimu wa fizikia na kemia ambao sisi hatuwezi kuwa badala yao. Juu ya maabara sina jibu la kumpa.